Mshenga Wetu Ana Kilo Ngapi?

Jumapili, 5 Mei

Nimeoa! Najua, huu ni mwezi wa tatu tangu harusi, lakini kila asubuhi naamka nikishangaa upya. Mke wangu. Naliandika tena kwa raha zangu: mke wangu. Fundi cherehani, vidole vyembamba, kicheko kinachoanzia puani. Ni mtu mmoja tu, lakini vyumba vyetu vyote viwili vimejaa.

Vimejaa kwelikweli. Chumba cha mbele kina cherehani yake, viti viwili vya plastiki, na baiskeli yangu. Baiskeli ya milimani! Springi mbele, springi nyuma, matairi mapana. Inalala pale ambapo kochi lingekaa. Mke wangu anataka kochi. Hajalalamika hata siku moja, malaika yule. Anapima tu ukuta ule kwa futi yake ya kushonea, kisha anahema.

Lakini hii si baiskeli tu. Ni mshenga wetu! Mwaka jana breki zilinigomea mbele ya geti la kwao, nikaingia mzimamzima kwenye ua wa miiba. Aliyenichomoa miiba shingoni ni nani? Yeye! Sasa nimfukuze mshenga ili nipate pa kukalia?

Mchana tumekula ukweni. Kaka wa mke wangu alikuwepo. Shemeji huyu ni mrefu, mkavu kama mpini wa ufagio, na kwa mbio zake wote wanamwita Swala. Baiskeli yake haina springi hata moja. Ameinyanyua kwa kidole kimoja mbele ya meza nzima. Kisha akainyanyua yangu. Akajishika kiuno, akaguna, akaomba maji. Akasema hiyo siyo baiskeli, shemeji, hicho ni kitanda cha chuma chenye pedeli. Akasema yuko tayari kunipunguzia mzigo kwa kuinunua yeye mwenyewe. Ataitumia kwenye mteremko tu, maana kuteremka hata jiwe linaweza.

Damu ikanichemka. Nikasimama, kijiko mkononi. Nikatangaza: twende kilimani, kwenye mnara wa simu! Atakayefika juu wa kwanza ndiye atakayeamua baiskeli hii inakwenda wapi! Swala akanipa mkono kabla sijamaliza. Mke wangu akauliza kwa upole kama yeyote anaruhusiwa kushindana. Nikasema yeyote yule, hata mama. Tukacheka sana. Mama mkwe akaniongezea chakula. Tumepanga iwe Jumapili ya kwanza ya Juni.

Jioni nikaipima. Tunayo mizani ya kioo, zawadi ya harusi kutoka kwa shangazi yake. Baiskeli haiwezi kusimama yenyewe juu ya kioo, kwa hiyo nimetumia akili: nimepanda mizani nikiwa nimeibeba, kisha nikatoa uzito wangu. Mimi ni kilo sitini na nane. Daktari aliniandikia wiki moja kabla ya harusi, na cheti ninacho. Mizani ikasema themanini na nane. Toa sitini na nane. Ishirini!

Dukani waliniambia kumi na tano. Waongo wakubwa!

Mke wangu akauliza kama nina uhakika na ile sitini na nane. Nikamwonyesha cheti. Akanitazama tumboni kwa mapenzi mengi.

Jumamosi, 11 Mei

Kazi imeanza. Nimeondoa kengele. Nimeondoa madigadi yote mawili, stendi, na vile vioo vyekundu vya nyuma. Vyote viko kwenye boksi chini ya kitanda. Boksi ni zito! Dalili njema.

Halafu kuna jambo la ajabu. Wiki nzima hii Shemeji Swala amekuwa akija kila jioni na hotpoti kutoka kwa mama mkwe. Chakula moto, kimerundikwa hadi mfuniko unakataa kufunga. Adui ananibebea chakula! Hata haketi. Anasimama mlangoni hadi nimalize, anasema kula shemeji, kula, kilima kile kinataka nguvu. Nikiacha kidogo anauliza kama nataka mama alie. Namwona tu. Ameshaogopa. Anajipendekeza.

Suruali ya kazini imebana. Ni hii sabuni mpya. Nimemweleza mke wangu, akasema usijali mume wangu, atazungumza na sabuni. Kisha akanizungushia futi yake kiunoni, taratibu, huku ameuma pini mdomoni. Anapenda kunikumbatia hata kwa futi! Nani mwingine ana mke kama huyu?

Tumbo likiwa limetulia, nikapima. Themanini na tisa. Toa sitini na nane.

Ishirini na moja!

Nimetoa vyuma, uzito umeongezeka. Nimekaa chini nikafikiri. Jibu ni unyevu. Chumba kina unyevu na chuma kinaunyonya. Nimeitoa baiskeli juani, nikaifuta kwa taulo. Taulo lilikuwa la mke wangu. Amesema hapana neno, atanunua jingine. Malaika!

Jumatatu, 13 Mei

Mimi ni karani wa vifurushi. Nashinda dirishani napokea mizigo ya watu, naiweka kwenye mizani, naandika. Kama kuna mtu katika mji huu anayejua kupima, ni mimi. Kwa nini basi sikuwaza mapema?

Nikaenda kazini nikiisukuma baiskeli. Watu wakatoka kwenda kula. Nikailaza kwenye ile mizani kubwa ya sakafuni, ya magunia na majokofu.

Kumi na nne.

Nimebaki nimeduwaa. Nyumbani ishirini na moja, ofisini kumi na nne! Sikuhitaji muda mrefu kuelewa. Mizani ya ofisi ni mbovu. Inapunja kilo saba nzima! Fikiria hasara ya kampuni miaka yote hii, watu wakisafirisha mizigo mizito kwa uzito wa unyoya!

Nimemwendea bosi moja kwa moja. Nimemweleza kwa heshima lakini bila woga. Bosi akafuta miwani. Akasema tangu afungue ofisi hii hajawahi kumpata mfanyakazi mwenye jicho kama langu. Amemwita mkaguzi wa mizani.

Nimemsimulia mke wangu. Nilitegemea machozi ya fahari. Yeye akafunika uso kwa kitambaa alichokuwa akishona, mabega yakitikisika. Furaha inamzidi, maskini.

Akaniambia pia kwamba mizani ya nyumbani inapima vitu viwili kwa pamoja. Nikamwambia ndiyo, kipenzi, na kimoja natoa. Hesabu hazikuwa somo lake.

Alhamisi, 16 Mei

Mkaguzi amekuja na mawe yake ya chuma ndani ya sanduku lenye velveti. Akaweka la kilo tano. Mizani ikasema tano. La kumi, kumi. Akaweka yote, akatoa yote, akaweka tena. Mizani haikukosea hata gramu. Akasema ni miongoni mwa mizani sahihi kabisa alizowahi kukagua.

Nikamweleza kwamba huenda mizani hii imezoea vifurushi na haielewi baiskeli. Mkaguzi akamtazama bosi. Bosi akanitazama mimi. Nimehamishiwa kwenye kufunga kamba, hadi nitakapotulia.

Sijali! Kufunga kamba kunaimarisha mikono, na mikono inavuta usukani.

Mke wangu amenipokea na chai na vitafunio. Akanikanda mabega. Amesema mume wake ni mtu wa kipekee, hajaona mwingine. Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo. Jioni Swala naye akaja na hotpoti yake. Alikuwa ameshasikia. Akauliza kama kweli nimeishtaki mizani, na kama mizani imepata wakili. Nimekula kwa hasira. Nimekula hadi cha mke wangu.

Jumamosi, 25 Mei

Zimebaki siku chache na mshenga wetu hajakonda.

Nimetoboa matundu kwenye siti kwa msumari wa moto. Nimekata mipira ya kushikia usukani. Nimetoa sehemu ya kuwekea chupa. Chupa yenyewe nimeiacha, maji ni uzito. Pampu pia itabaki nyumbani, nani anapanda mlima na pampu? Nilipogusa nati ya springi ya nyuma mke wangu akasimamisha cherehani. Akasema springi ikitoka, na yeye anatoka. Nimeirudisha spana mahali pake. Ndoa ni kusikilizana.

Tisini. Toa sitini na nane.

Ishirini na mbili!

Nilitaka kulia. Mke wangu akaja akaketi karibu nami sakafuni, maana hatuna kochi. Akaniegemea. Akasema yeye alinipenda nikiwa kwenye ule ua wa miiba, hakuuliza baiskeli ina kilo ngapi. Akasema kama ni kupungua, labda kuna kitu kingine cha kupunguza, karibu zaidi. Akanigusa tumbo.

Nikaruka! Amenipa jibu! Tumbo, pumzi, hewa! Matairi yamejaa hewa, na hewa ina uzito. Tulifundishwa kidato cha pili. Siku ya mashindano nitaitoa nusu. Nimembusu mara nyingi. Akasema siyo hicho alichomaanisha. Hajui hata yeye jinsi alivyo na akili!

Ijumaa, 31 Mei

Nimepata wazo la mwisho. Kama baiskeli yangu haitaki kupungua, ya Swala na iongezeke!

Nimekwenda ukweni kwa kisingizio cha kurudisha hotpoti. Mifuko ya koti imejaa mchanga. Swala hayupo. Mama mkwe akafurahi, akasema nisiondoke bila kula, akaingia jikoni. Nikachupa hadi stoo. Stoo haina dirisha na baiskeli zao zote mbili zimefunikwa turubai moja: ya Swala, na ile nyeusi ya mama mkwe, ya chuma kitupu, yenye kikapu mbele, ambayo imezeeka pamoja naye. Sikuthubutu kufunua. Nikapenyeza mkono, nikaipata siti ya kwanza, nikaichomoa, nikamimina mchanga wote ndani ya bomba la fremu. Siti nikairudisha. Moyo unapiga kama cherehani!

Nilipotoka mama mkwe yuko mlangoni na sahani. Akauliza kwa nini nina mchanga masikioni. Nikasema upepo. Akasema pole mwanangu, kula.

Nimekula kwa dhamiri safi. Vita ni vita.

Jumapili, 2 Juni

Naandika nikiwa nimelala chali. Siwezi kuketi, yale matundu ya siti yamenichora.

Tulikutana chini ya kilima. Swala amevaa kaptula ya kubana, hana maji, hana pampu, hata saa amevua. Mama mkwe naye amekuja kwa miguu kuagana nasi na akabaki chini kivulini. Mke wangu akatokea na baiskeli ya mama yake. Kikapu kimejaa: hotpoti tatu, chupa ya chai, chupa ya maji, shuka la kukalia, tikiti maji zima. Amesema atatufuata polepole na chakula. Amefunga kitambaa cha njano kichwani. Nilisahau kwa dakika nzima kwamba kuna mashindano.

Nikatoa hewa kwenye matairi. Swala akauliza nafanya nini. Nikasema siri ya kambi.

Tukaanza. Mwanzo ulikuwa mtamu, kwa sababu palikuwa na mteremko mdogo. Kisha kilima chenyewe. Springi zikaanza kunibembeleza. Nikikanyaga, inainama. Nikikanyaga, inainama. Kama naendesha godoro! Matairi nayo yamelala, yanajibandika chini kama yanaaga kila jiwe. Swala akawa nukta. Nikamsikia akipiga mluzi huko juu. Kila nilipovuta pumzi kifungo cha suruali kilinong'ona, na kwenye kona ya kwanza kikaruka. Sabuni ile!

Nikashuka. Nikasukuma. Ndipo nikasikia nyimbo nyuma yangu. Mke wangu! Anapanda, anaimba, kikapu kinagonga, na nyuma ya gurudumu lake kuna mstari mwembamba wa mchanga unaochuruzika barabarani.

Mchanga wangu.

Akasimama kando yangu, akanifuta jasho na ncha ya kitambaa chake, akaninywesha maji. Akachomoa pampu, maana baiskeli ya mama mkwe haikosi pampu, akasema tujaze matairi mume wangu, bado unaweza. Nikamwambia asante kipenzi, lakini hewa ni uzito. Akanibusu paji la uso. Akaendelea kuimba na kupanda.

Nilimkuta Swala kwenye kona ya mawe. Ameketi chini, tairi lake limepasuka kwenye jiwe lenye ncha. Matairi yake ni membamba kama utambi, yote kwa ajili ya wepesi. Akanieleza mwenyewe kwa uchungu. Alimwomba dada yake pampu na kiraka. Dada akajibu kwamba kaka ni mwepesi, basi amfuate hukohuko juu akavichukue. Nikaketi naye kidogo. Tukatazama kitambaa cha njano kikizunguka kona ya mwisho. Swala akasema yule tangu utotoni alikuwa akitumwa dukani na baiskeli ile ile, na magunia juu yake. Akasema angenikumbusha siku ile mezani, ila na yeye alicheka.

Tulipofika juu, sote kwa miguu, shuka limeshatandikwa chini ya mnara, tikiti limeshakatwa.

Amefika wa kwanza. Yeyote yule, nilisema. Yeye ndiye anaamua. Moyo ulinitoka. Nikaona kochi pale ukutani, nikaona mshenga wetu akiondoka na Swala, nikaona ule ua wa miiba. Nikamshika mkono, nikamwambia chochote utakachosema nitakubali.

Akamaliza kutafuna tikiti kwanza. Kisha akasema baiskeli haiuzwi. Mtu hauzi kilichomletea mume. Lakini kuanzia leo ni yake, ataipanda yeye, na italala imening'inizwa ukutani kwa misumari mikubwa. Chini yake, kochi. Mimi nitakwenda kazini na baiskeli ya mama, ameshakubaliana naye. Na kochi litabebwa ngazi zote hadi vyumbani kwetu na kaka yake, peke yake, kwa kuwa anapenda sana wepesi.

Swala akasema hilo halikuwemo kwenye makubaliano. Dada yake akamwuliza zile hotpoti za kila jioni zilikuwemo? Swala akainamia tikiti lake. Sikuelewa, lakini nilicheka na mke wangu. Nililia pia kidogo. Jua, jasho, mapenzi.

Jumatatu, 3 Juni

Kochi limefika! Swala ameliweka sakafuni, akalala juu yake, akakataa kuongea. Baiskeli iko ukutani. Chumba kinapendeza hadi naona haya kuvaa viatu.

Mke wangu ameleta mizani ya kioo katikati ya chumba. Akaniomba jambo moja tu, kwa ajili yake: nipande peke yangu. Bila baiskeli. Nikamwambia kwa ajili yake ningepanda hata moto. Nikapanda.

Sabini na nane!

Nikamtazama. Akanitazama, macho yanang'aa, akisubiri. Akasema umeona sasa, mume wangu? Nikaomba nishushiwe baiskeli. Nikapanda nayo. Tisini na moja. Toa sabini na nane. Kumi na tatu!

Nikaketi kwenye kochi jipya. Nimeona! Mara ya mwisho baiskeli ilikuwa ishirini na mbili, leo ni kumi na tatu. Imepungua kilo tisa. Mimi nimeongezeka kumi. Hesabu inafunga kabisa! Ule uzito wote niliouhangaikia haukwenda popote. Umehamia kwangu, kupitia mikono ya usukani! Ile kilo moja ya ziada ni mapenzi, hiyo sina shaka nayo.

Na ndiyo maana mke wangu ni mwembamba vile. Amekua juu ya baiskeli nzito! Chuma kitupu, kikapu, magunia, na jana mchanga wangu juu yake. Uzito wote uko kwenye baiskeli, yeye haubebi hata kidogo. Ndiyo maana alipaa kama karatasi!

Nimemweleza taratibu, kwa ishara za mikono, mara mbili. Amelala kifudifudi juu ya kochi, uso kwenye mto, mabega yakitikisika. Furaha tena. Swala ametoka nje kabisa, nimemsikia akigonga ukuta.

Nimelivuta boksi chini ya kitanda. Kengele imesharudi. Madigadi yanafuata, na baiskeli ya mama mkwe nitaiongezea stendi ya pili kabla ya asubuhi ya kazi. Jioni hii hotpoti zimekuja mbili. Nimezimaliza bila wasiwasi wowote. Mara tu stendi itakapokazwa, narudi sitini na nane.